Mashine za PET zipo, mtoto wa Hodgkin apishwe

Mtoto mwenye saratani ya Hodgkin akishamaliza mizunguko miwili ya kwanza ya dawa, daktari wake hubaki na uamuzi mmoja mzito: achomwe mionzi shingoni na kifuani, au aachwe. Akimchoma bila sababu, amemtwisha deni ambalo mwili wake utalilipa atakapokuwa mtu mzima. Akimwacha ilhali ugonjwa umejificha, utarudi, na ukirudi huwa mgumu zaidi. Hakuna anayeweza kuamua jambo hilo kwa kumpapasa mtoto shingo. Hata picha ya CT haitoshi.

Hodgkin ni saratani ya tezi za limfu. Mara nyingi huanza shingoni. Mama akimwogesha mtoto anagusa vinundu vigumu visivyouma, kisha zinafuata homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, na mwili kukonda. Katika saratani zote za watoto, hii ni mojawapo ya zile zinazotibika vizuri zaidi. Dawa zikianza kuingia, tezi husinyaa haraka. Lakini si zote zinazopotea. Hubaki mabonge, na CT, ambayo kazi yake ni kuonyesha umbo na ukubwa, haiwezi kusema kama bonge lililobaki ni kovu au ni seli zilizo hai. Ni sawa na kuitazama nyumba kwa mbali: ukuta unauona, bati unaliona, ila hujui kama ndani kuna mtu anapika. Kipimo cha PET hutafuta moshi wa jikoni.

Kinachotafutwa hasa ni sukari. Katika miaka ya 1920 mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg alionyesha kwamba seli za saratani hula glukosi kwa pupa kuliko seli za kawaida. Nusu karne baadaye, Agosti 1976, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, binadamu alidungwa kwa mara ya kwanza glukosi iliyobandikwa fluorini-18. Sukari hiyo, ambayo wataalamu huiita FDG, ikiingia ndani ya seli hunasa humo, kwa sababu seli haiwezi kuisaga hadi mwisho kama sukari ya kawaida. Mashine hupokea mionzi inayotoka kwenye fluorini, na kila penye ulaji mkubwa wa sukari hung'aa kwenye picha. Kwa Hodgkin, madaktari hulinganisha mng'ao wa bonge na mng'ao wa ini, kisha hutoa alama kati ya 1 na 5 kwa utaratibu uliotokana na mkutano wa Deauville, Ufaransa, mwaka 2009. Bonge lisilong'aa kuliko ini huhesabiwa, katika miongozo mingi, kuwa limezimika.

Je, mng'ao huo unaaminika kiasi cha kufuta tiba ya mionzi? Jibu la uhakika zaidi lilitoka kwenye utafiti wa EuroNet-PHL-C1, ulioandikisha watoto na vijana zaidi ya 2,000 katika nchi 16 za Ulaya kati ya 2007 na 2013. Kila mmoja alipewa mizunguko miwili ya dawa, kisha akapigwa picha. Walioonekana wameitikia vizuri waliendelea na matibabu bila kuchomwa mionzi kabisa. Karibu nusu ya watoto wote waliepushwa kwa njia hiyo, na katika hao, karibu 9 kati ya 10 walifikisha miaka mitano bila ugonjwa kurudi. Soma hilo mara mbili. Picha zenye mionzi kidogo ziliwaondolea maelfu ya siku za mionzi mikali watoto ambao hawakuihitaji.

Na mionzi hiyo mikali si jambo dogo kwa mwili unaokua. Hupunguza ukuaji wa mifupa ya mabega na shingo, hudhoofisha tezi ya shingo inayotoa homoni, huchakaza mishipa ya moyo. Kwa wasichana kuna kubwa zaidi. Amerika Kaskazini, wanawake waliochomwa mionzi ya kifua utotoni kwa ajili ya saratani walifuatiliwa miaka mingi, na takriban 3 kati ya 10 walipata saratani ya titi kabla ya kufika miaka 50. Wengi wao walitibiwa zamani, kwa dozi kubwa kuliko za leo. Hata hivyo ni wanawake waliopona mara moja, wakalea watoto, wakajenga maisha, kisha ugonjwa mwingine ukawafuata kutokana na tiba ya ule wa kwanza.

Ndiyo maana inaniuma ninaposikia kipimo hiki kikiitwa anasa ya wenye nazo. Kwa mtoto wa Hodgkin, PET ni chombo cha kupunguza matibabu. Na tusijidanganye kwamba bado tunaisubiri ifike kwetu. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilizindua PET yake na saiklotroni ya kutengenezea FDG mwaka 2018. Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ikafuata kwa kituo cha umma chenye mitambo ya namna hiyo hiyo. Tanzania nayo imewekeza kwenye jengo la PET na saiklotroni pale Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mabilioni yameshatoka. Lililobaki sasa ni nani anayelala kwenye kitanda cha mashine hizo, na msimamo wangu ni kwamba mtoto mwenye Hodgkin awe mbele ya foleni, na asilipishwe.

Kuna wanaopinga, na hoja yao ni nzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 duniani hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Pengo hilo halikuletwa na ukosefu wa PET. Limeletwa na mtoto kufika hospitali akiwa amechelewa miezi, na damu ya kuongezewa isiyopatikana, na dawa inayokatika katikati ya mzunguko, na baba anayeuza ng'ombe wa mwisho kisha anamrudisha mtoto nyumbani kwa sababu nauli imekwisha. Mtu akiniambia shilingi ya kwanza iende kwenye dawa, kwenye maabara ya kuchunguza vinyama, na kwenye nyumba za kuwalaza wazazi karibu na wodi, sina ubishi naye. Mtoto wa saratani ya damu hahitaji PET. Wa uvimbe wa figo uitwao Wilms kwa kawaida haihitaji. Wa saratani ya jicho anamhitaji daktari wa macho kabla mboni haijawa nyeupe kabisa.

Na yupo mtoto ambaye kumpeleka PET kwanza kungekuwa kosa. Ni yule wa limfoma ya Burkitt, saratani iliyoelezwa kwa mara ya kwanza kitaalamu kutoka hapa kwetu. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliitwa wodini kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote, na mwaka uliofuata akachapisha maelezo ya ugonjwa huo. Mwaka 1961 alisafiri na wenzake wawili kwa gari kuukuu maelfu ya kilomita, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akipita hospitali baada ya hospitali kuuliza wapi watoto wa namna hiyo wanaonekana na wapi hawaonekani. Watoto wa Afrika Mashariki wakawa miongoni mwa wa kwanza duniani kuonyesha kwamba uvimbe mkubwa wa saratani unaweza kuyeyuka kwa dawa peke yake. Burkitt hung'aa kwenye PET kuliko karibu saratani nyingine zote, kwa kuwa seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna muda wa kusubiri zamu. Kata kinyama, piga altrasaundi ya tumbo, chukua maji ya uti wa mgongo na uboho, anza dawa. Daktari anayemwambia mzazi wa mtoto wa Burkitt asubiri wiki mbili za PET amempa ugonjwa wiki mbili.

Kwa hiyo sidai kila mtoto wa saratani apigwe PET. Nadai yule ambaye kipimo kinabadilisha anachofanyiwa asikikose. Watoto hao si wengi. Hospitali kubwa ya rufaa inawaona wachache kwa mwaka, na kila mmoja anahitaji picha mbili: moja kabla ya dawa, nyingine baada ya mzunguko wa pili. Kwa mfuko wa bima ya taifa huo ni mzigo mdogo. Kwa familia moja ya Kahama au Kilifi ni nyumba na shamba.

Tuitazame siku yenyewe ilivyo, kwa sababu wazazi wengi hupelekwa bila kuelezwa. Mtoto huamka bila chai. Hatakiwi kula kwa saa nne hadi sita, maji anaruhusiwa. Akifika anatobolewa kidole kupimwa sukari ya damu, maana sukari ikiwa juu itashindana na ile ya kipimo. Kisha huwekwa kwenye chumba chenye joto na kufunikwa blanketi. Hili la joto watu hulipuuza, lakini lina maana kubwa: mtoto anayetetemeka huwasha mafuta fulani ya mwilini yanayotengeneza joto, na mafuta hayo yapo shingoni na mabegani, palepale penye tezi za Hodgkin. Nairobi ya Julai inaweza kumletea daktari picha ya shingo inayong'aa pasipo saratani. Baada ya kudungwa, mtoto hulala kimya kama saa nzima. Asitafune, asikimbie, na wengi humzuia hata michezo ya simu. Anapelekwa kukojoa ili kibofu kisifunike kilicho karibu yake, halafu anaingia mashineni kwa dakika kama 20. Mdogo asiyeweza kutulia hupewa dawa ya usingizi, jambo linalohitaji mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto awepo siku hiyo.

Swali la wazazi karibu daima ni moja: mionzi hii itabaki mwilini mwake mpaka lini? Nguvu ya fluorini-18 hupungua nusu kila dakika 110. Kufikia kesho yake saa ileile haibaki hata sehemu moja ya elfu ya kilichodungwa. Kiasi chake hupimwa kwa uzito wa mtoto, na kwa kipimo kizima, pamoja na CT nyepesi inayoambatana nacho, mtoto hupata takriban mionzi ambayo sote hupokea kutoka ardhini na angani kwa miaka michache. Mama mjamzito au ndugu mchanga wakae mbali naye kidogo kwa saa chache. Ni maelezo ya dakika tano, na kila mzazi ana haki ya kuyapata kabla ya siku ya kipimo, akiwa bado na utulivu wa kuuliza.

Hizo dakika 110 ndizo zinazotawala pia jiografia ya kipimo hiki. Dozi ikitoka kwenye saiklotroni ikakaa njiani karibu saa nne, imebaki robo. Haiwezi kuwekwa ghalani, wala haiwezi kungoja afisa wa forodha arudi kutoka kula. Mwanza, Mbeya, Mombasa na Kisumu zitaendelea kupeleka watoto Dar es Salaam na Nairobi kwa muda mrefu ujao, na kwa hiyo nauli na malazi ni sehemu ya kipimo chenyewe, sawa na sindano.

Hapa niseme jambo ambalo shauku ya mashine mpya imelifunika. Kabla ya PET kulikuwa na gama kamera, na bado ipo katika hospitali zetu chache kubwa. Hutumia tekineshiamu-99m, ambayo hupungua nusu kila saa 6 na hutoka kwenye chombo kidogo kizito cha risasi kinachoitwa jenereta. Ndani yake mna molibdeni-99 inayooza polepole, nusu kila saa 66. Kila asubuhi mfamasia hupitisha maji ya chumvi na kupata tekineshiamu ya siku hiyo. Jenereta moja hufanya kazi karibu wiki. Kinu cha SAFARI-1 kule Pelindaba, karibu na Pretoria, kilichowashwa mwaka 1965, ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa molibdeni duniani, na tunapaswa kujiuliza kwa nini kamera zetu zikae gizani wiki nzima kwa kukosa kitu kinachotengenezwa kwenye bara letu. Mara nyingi kilichokwama ni malipo au kibali.

Na kamera hiyo ya zamani inawasaidia watoto wengi zaidi. Kijana wa miaka 13 mwenye saratani ya mfupa, aliyekandwa goti miezi mitatu kwa kudhaniwa ameumia mpirani, hupigwa picha ya mifupa yote kuona kama ugonjwa umehamia kwingine. Mtoto anayetarajiwa kupewa sisplatini, dawa inayochosha figo, anaweza kupimwa kwa tekineshiamu figo zake zinachuja kiasi gani hasa, ili dozi isimuue wala isimpunje. Vipimo hivi havina mvuto wa kukata utepe. Lakini ukinipa fedha za PET ya pili wakati gama kamera ya mkoani imekaa mwaka mzima ikingoja kipuri, nitakuomba kwanza ununue kipuri.

Kuna watoto ambao bado tunawadai jibu. Wenye nyuroblastoma, saratani inayoanza mara nyingi juu ya figo, wana kipimo chao maalumu kiitwacho MIBG, ambacho dawa yake hunaswa na takriban 9 kati ya 10 ya uvimbe wa aina hiyo na kuonyesha kama umeshaingia kwenye mifupa na uboho. Ayodini-123 inayopendelewa kwa kipimo hicho hupungua nusu kila saa 13 na hutengenezwa kwenye saiklotroni; kuifikisha kwetu ikiwa na nguvu ni kazi. Mtoto huyo leo anatibiwa kwa kukisia zaidi kuliko anavyostahili.

Picha bila msomaji ni karatasi tu, na hapa Afrika Mashariki msomaji ana mtego ambao mwenzake wa Ulaya haupati mara nyingi. Kifua kikuu (TB) nacho hula sukari. Kenya, Uganda na Tanzania zote zilikuwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021–2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, na tezi ya TB shingoni mwa mtoto inaweza kung'aa sawasawa na ya Hodgkin. Makosa huenda pande zote mbili: watoto wa Hodgkin wamekuwa wakipewa vidonge vya TB miezi kadhaa kabla ya mtu kukata kinyama. Mng'ao haumwondolei mpatholojia kazi. Ncha za mifupa inayokua hung'aa kwa kila mtoto mzima wa afya. Tezi ya thimasi kifuani huvimba na kung'aa miezi kadhaa baada ya dawa kwisha, na imeshawatisha madaktari wengi wakadhani ugonjwa umerudi. Mtu aliyezoea kusoma picha za watu wazima anaweza kumrudisha mtoto aliyepona kwenye dripu.

Wasomaji wa namna hiyo ni wachache katika kila nchi yetu. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limekuwa likifadhili mafunzo kwa miaka mingi, na Februari 2022 lilizindua mpango wa Miale ya Matumaini wa kuzisaidia nchi zenye upungufu wa tiba ya mionzi na vipimo vya saratani. Tuchukue kila nafasi wanayotoa, tupeleke na wauguzi na wanafizikia tiba, si madaktari peke yao. Ila hatuhitaji kungoja ufadhili ili Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zikae mbele ya picha moja kila wiki. Picha husafiri kwa intaneti bila kupoteza nusu ya nguvu kila dakika 110.

Kuhusu malipo, Tanzania imeshapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, na Kenya ilihamia Mamlaka ya Afya ya Jamii Oktoba 2024. Kenya, fungu la saratani lina kikomo kwa kaya nzima kwa mwaka. Mama mwenye saratani na mwanawe mwenye saratani hugawana kikomo hicho, na hilo si haki. Watoto watolewe kwenye kikomo cha kaya. Picha mbili za Hodgkin ziandikwe ndani ya gharama ya matibabu, kama dawa zilivyoandikwa, zisiwe ombi la pekee linalosubiri sahihi ya mtu aliye likizo.

Wasimamizi wa wodi wanaweza kuanza hata kabla ya wabunge. Picha ya pili ina dirisha dogo: ikipigwa mapema mno baada ya dozi ya mwisho, dawa yenyewe huvuruga mng'ao, kwa hiyo huachwa kama wiki mbili; ikichelewa, mzunguko wa tatu unachelewa nayo, na ugonjwa unapata nafasi. Anayeanza kutafuta miadi baada ya mzunguko wa pili amekwisha kuchelewa. Tarehe hiyo iandikwe kwenye faili siku ile ile chupa ya kwanza ya dawa inapotundikwa, pamoja na jina la atakayemsindikiza mtoto, tiketi ya basi, mahali pa kulala, na namba ya simu ya mtaalamu wa usingizi.